Mzee wa Gramu

Jumamosi saa sita mchana watu walikuwa wamejaa kwenye ujia wa maduka kiasi kwamba ukiinama kufunga kamba ya kiatu unasukumwa. Upande mmoja walikaa wauza simu, kila mmoja na spika yake. Upande wa pili kulikuwa na cherehani tatu, muuza miwani, na mwisho kabisa, karibu na ngazi, kaunta ya kioo ya kijana aliyetengeneza mizani. Watu walimwita Fundi. Mizani za wauza nyama, za zahanati na za maduka ya dhahabu zote zilipita mikononi mwake, na alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko zote: akikwambia mizani yako iko sawa, iko sawa.

Dada aliyesimama mbele yake siku hiyo alivaa gauni la manjano la mikono mifupi. Nywele zake zilisukwa mistari myembamba iliyopinda kuelekea kisogoni kama imechorwa kwa kalamu. Alibeba mizani ndogo ya jikoni ndani ya taulo, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Inaumwa nini?" Fundi akauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nimeileta kwa daktari."

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Inazimika yenyewe?"

"Haizimiki."

"Sasa mgonjwa hapa ni nani?"

Dada akatabasamu nusu, kisha tabasamu likamponyoka. "Nataka uniambie kama inasema kweli. Hilo tu."

Fundi akatoa kisanduku chake cha mawe ya shaba. Akaweka la gramu hamsini, la mia, la mia mbili, akayachanganya, akayarudia. Kila mara kioo kilionyesha kile kile kilichoandikwa kwenye jiwe, bila gramu moja kuzidi wala kupungua.

"Hongera," akasema. "Ingekuwa mtu, ningeipeleka mahakamani ikanitolee ushahidi."

Alitarajia dada afurahi. Badala yake macho ya dada yakajaa maji, naye akaanza kuifunga mizani kwenye taulo haraka haraka.

"Basi ni mimi," akasema. "Miezi minane nimekuwa nikijidanganya. Nilianza na macho. Nikaenda kupimwa, daktari akasema naweza kusoma gazeti la jirani. Nikasema basi ni mizani. Na yenyewe nzima. Kilichobaki ni kichwa."

"Kwani ulikuwa unapima nini?"

"Kostiki. Ya kutengenezea sabuni."

Moyo wa Fundi ukaruka. Nyumbani kwake, juu ya rafu, vipande arobaini vya sabuni vilikuwa vimelazwa vikikomaa, na katika maisha yake yote hakuwahi kukutana ana kwa ana na mtu mwingine mwenye wazimu huo. Alishafungua mdomo kumwambia, lakini dada alikuwa hajamaliza.

"Kuna kundi kwenye simu, linaitwa Jiko la Mapovu. Humo kuna mtu wanamwita Mzee wa Gramu. Yeye ndiye anayefundisha wote. Aliweka kipimo chake cha sabuni ya mawese na nazi, kilo moja ya mafuta. Mimi nilisoma kostiki gramu mia mbili arobaini na nne. Naapa niliiona ile mbili. Nikapima hivyo, nikakoroga mpaka ikafika uji, nikamimina, nikailaza wiki sita. Ikatoka nyeupe, ngumu, nzuri. Nikampa zawadi bosi wangu wa saluni. Mimi ni msusi. Akanawa nayo uso siku tatu kabla ya mahafali ya binti yake."

Fundi akafunga mdomo.

"Uso ulimchubuka hapa mpaka hapa." Akapitisha kidole shavuni. "Akanifukuza mbele ya wateja, akaniita muuaji. Nilipourudia ujumbe wa Mzee wa Gramu kuangalia, kipimo kinasema mia moja arobaini na nne. Moja, si mbili. Nikauliza kundini. Unajua alinijibu nini? 'Dada, soma kabla ya kupima. Gramu hazidanganyi.' Watu sitini wakacheka."

Akajifuta macho kwa ncha ya taulo. "Samahani, kaka. Umeulizwa mizani, umepewa historia."

Fundi alisikia masikio yake yakiwaka moto. Maana Mzee wa Gramu, ambaye kundi zima lilimdhania babu wa miaka sabini mwenye miwani mizito, alikuwa yeye.

Na hakuwa amesahau. Kipimo kile alikiandika hapo hapo kaunta, kati ya mteja na mteja, kidole kikagusa mbili badala ya moja. Kesho yake jioni aliliona kosa. Lakini wiki ile ile alikuwa amemsuta mama mmoja mbele ya kundi zima kwa kupima kostiki kwa kikombe, atawaambiaje sasa? Akaufuta ujumbe, akaandika mwingine wa maneno yale yale na picha ile ile, namba ikiwa sahihi. Akajiambia hakuna aliyekiwahi kile cha kwanza. Wiki saba baadaye mtu aliyejiita Mwanafunzi Mpya akauliza swali lake kundini, na Fundi akajua papo hapo kuwa yuko aliyewahi. Angeweza kusema. Akaandika lile jibu.

Sasa Mwanafunzi Mpya amesimama mbele yake, ana gauni la manjano.

"Shilingi ngapi?" dada akauliza.

"Hakuna kitu. Mizani nzima hailipiwi."

"Basi asante, Fundi."

Alikuwa ameshapiga hatua tatu Fundi aliposema, "Niachie namba yako. Nikiipima tena nikaona tofauti..." Akanyamaza, maana mizani ilikuwa kwapani kwa mwenyewe.

Msusi akageuka. Safari hii tabasamu lilikamilika. "Utaipimaje tena na naondoka nayo?"

"Hilo sijalifikiria bado."

"Fikiria haraka, nakutajia namba."

*

Wiki ya kwanza walipigiana simu kila siku saa saba, muda wa chakula. Wiki ya tatu Fundi alimngoja chini ya jengo la akina Msusi kila jioni, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Msusi alikuwa akisuka nyumbani tangu alipofukuzwa, sebuleni kwa mama yake, wateja wawili watatu kwa siku. Alikuwa na kicheko cha chini kwa chini na mdomo usiokaa bila kazi.

"Leo umenyoa," alikuwa akisema kwenye simu kabla hata hawajaonana.

"Umejuaje?"

"Sauti yako imepungua gramu tano."

Fundi alicheka. Lakini neno gramu likitoka mdomoni mwa Msusi lilimchoma kila mara.

"Mpenzi wangu, wewe mbona unanyamaza hivyo?" Msusi alimwuliza siku moja wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya maktaba. "Naongea peke yangu kama redio."

"Nakusikiliza."

"Unajua kwa nini nilikupenda? Siku ile nilikueleza aibu yangu yote, na hukucheka. Mama mwenyewe alicheka kidogo. Wewe ulikaa tu na uso wa mtu aliyefiwa. Nikasema huyu ana moyo."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Akamshika mkono. Kwenye viganja vya Msusi kulikuwa na mabaka meupe mawili, pale uji wa sabuni ile ulipomrukia akikoroga, kabla sabuni yenyewe haijamla bosi wake.

"Na pia kosa langu liko pale pale," Msusi akaendelea. "Kule kundini wana sheria: sabuni lazima uibusu kabla ya kumpa mtu. Yaani unaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikikurusha kama umeme, kostiki imezidi. Mimi sikuibusu. Nilimwamini yule mzee."

"Usijilaumu," Fundi akasema, na aibu ya kusikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo ilimfanya ainame kutazama viatu.

Nyumbani alificha kila kitu. Kalibu za mbao za kumiminia sabuni zilikwenda chini ya kitanda, ndoo ya kostiki juu ya kabati, na vipande vilivyolazwa vikaingia kwenye sanduku la nguo. Hakukumbuka kwamba sabuni haifichiki. Msusi alipopita kwake Jumapili mchana bila kupiga simu, alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili, kisha akamsogelea akanusa kola ya shati.

"Mrashi na karafuu," akasema taratibu. "Wiki iliyopita ilikuwa malimao. Fundi, nguo zako anazifua nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa sabuni gani? Maana hii si ya dukani. Hii mtu amekaa akaitengeneza."

Fundi akatazama sakafu.

"Ana jina?" Msusi akauliza. "Huyo mwanamke anayekutengenezea sabuni?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake, tena ya neno moja tu: "Mimi." Hakulisema. Alisimama pale akiwaza kwamba ni afadhali aonekane mhuni kuliko aonekane alivyo. Hilo likatosha kuwa jibu. Msusi akavaa viatu vyake, kamba za ndala nyekundu zikimgomea kidogo, akashuka ngazi bila kusema neno jingine.

*

Siku tatu simu haikulia. Siku ya nne, saa saba kamili, ililia.

"Sikupigii kukubembeleza," Msusi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. "Nakupigia kwa sababu aibu yangu unaijua, na nimezoea kukwambia mambo yangu. Kesho naenda kwa Bosi. Nitampigia magoti mbele ya wateja wake, niseme nilisoma vibaya, anirudishie kiti changu. Nimechoka kusuka watu sebuleni huku mama anavuka na ndoo."

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Uko nyumbani? Nakuja."

Alifunga kaunta mchana kweupe, jambo ambalo majirani zake hawakuwahi kuliona, akaenda kwa miguu mpaka jengo lao, akapanda ngazi ghorofa nne bila kupumzika. Msusi alifungua mlango nusu. Alikuwa na chanuo la mkia mkononi, na nyuma yake mteja ameketi kichwa nusu kimesukwa.

"Hakuna mwanamke," Fundi akasema, akihema. "Sabuni natengeneza mimi."

Msusi akamtazama. "Wewe?"

"Na hukusoma vibaya. Ilikuwa mia mbili arobaini na nne. Niliandika mimi. Nikafuta nikaandika nyingine, nikakaa kimya. Mzee wa Gramu ni mimi."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Msusi hakupiga kelele. Aliangalia lile chanuo kama hajui limefikaje mkononi mwake.

"Nilienda kupimwa macho," akasema.

"Najua."

"Nilikaa kwenye kile kiti nikisoma herufi ukutani, nikimwomba Mungu nikosee hata moja. Ulijua lini kuwa ni mimi?"

"Siku ile ile ya mizani."

"Siku ile ile." Akayarudia maneno hayo polepole. "Miezi miwili unanishika mkono. Hebu niambie tena. Ulinijibu nini kundini?"

"Tafadhali..."

"Sema. Mimi nimelisikia kichwani kila siku. Nataka nilisikie kwa sauti ya mwenyewe."

Fundi akatazama kizingiti. "'Dada, soma kabla ya kupima. Gramu hazidanganyi.'"

Mteja ndani akakohoa. Msusi akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua, akafunga mlango. Hakuubamiza. Fundi alisikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

*

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Fundi alisimama mbele ya kaunta yake, akajipiga picha uso mzima, akaiweka kwenye Jiko la Mapovu. Chini yake akaandika: "Mimi ndiye Mzee wa Gramu. Nina miaka thelathini na mbili. Mwezi wa tatu mwaka jana niliandika kostiki 244 badala ya 144, nikafuta kimyakimya. Mwanafunzi Mpya alisoma sawasawa. Mizani yake nimeipima mwenyewe, ni nzima. Mlimcheka kwa sababu yangu. Aliyeumia ni yeye na mtu mwingine asiye na hatia."

Majibu yalianza kumiminika. Wengine walidhani ni utani. Mmoja akaandika, "Kumbe babu ni kijana, na kijana ni mwongo." Yule mama aliyesutwa kwa kikombe aliandika neno moja tu, "Kikombe," na hilo ndilo lililomkalia moyoni kuliko matusi yote. Ilipofika saa moja, Mama Mapovu, mwenye kundi, akamtoa. Kioo cha simu kikabaki na maandishi ya kijivu kwamba yeye si mwanachama tena.

Asubuhi akaenda saluni. Ilikuwa imejaa: wanawake wanne chini ya mashine za kukaushia nywele, wawili kwenye sinki. Bosi alikuwa mwanamke mnene, mwenye vazi la zambarau na miwani ya dhahabu, na kwenye shavu lake la kushoto palibaki doa jeusi la upana wa sarafu, lililopakwa poda kwa uangalifu.

"Wanaume tunawanyoa mlango wa pili," akasema.

"Sikuja kunyoa, mama. Nimekuja kwa ajili ya uso wako."

Saluni nzima ikageuka. Bosi akavua miwani.

"Uso wangu una nini?"

Fundi akamweleza. Alianza kwa kunong'ona, lakini Bosi akamkatisha, akamwonyesha kiti cha katikati, kile kinachozunguka. "Kaa hapo. Anza tena, kwa sauti. Wale walio kwenye mashine hawakusikii." Kisha akawaambia wasaidizi wazime mashine.

Fundi akaketi mbele ya kioo kikubwa, akauona uso wake mwenyewe na nyuso nane nyuma yake, akaanza tena. Alisema yote. Aliposema jinsi alivyoliona kosa akalificha, mwanamke mmoja mwenye rola kichwani akafyonya kwa muda mrefu. Alipomaliza, jasho lilikuwa limeloanisha mgongo wa shati.

Bosi alisogea karibu na kioo. Akajigusa shavu.

"Picha za mahafali ya mwanangu," akasema, "nimejificha nyuma ya shangazi yake zote. Zote." Akavaa miwani. "Na nimemfukuza msusi wangu bora kwa ajili yako. Wateja wake kumi na moja wameniacha. Umemwambia yeye?"

"Jana."

"Alisemaje?"

"Alifunga mlango."

"Vizuri. Inuka kwenye kiti changu, kina kazi."

*

Wiki tatu zikapita. Fundi alitengeneza mizani, akala kwa mkono mmoja amesimama, akarudi nyumbani. Sabuni hakugusa. Mama yake mzazi alimpigia akamwuliza kama anaumwa, akasema hapana, ana aibu tu. Mama akasema aibu haiui; ingekuwa inaua, mama na baba yake wangekuwa wameshakufa zamani.

Siku ya ishirini na mbili simu ililia saa saba.

"Nimerudi kwenye kiti changu," Msusi akasema bila salamu. "Bosi alinifuata mwenyewe. Alipanda ngazi zote nne na ule mwili. Akaniambia ulikaa katikati ya saluni ukasema mpaka ukalowa."

"Ndiyo."

"Na kundini nimesoma. Watu sabini wameniandikia pole. Sijawajibu." Akahamishia simu sikio la pili. "Fundi, mimi bado nina hasira. Nikiamka iko hapo, nikilala iko hapo."

"Una haki."

"Usinipe haki, sijakuomba. Nakwambia tu. Nina hasira, na saa saba ikifika naangalia simu kama mjinga. Vyote viwili. Sasa sijui nifanyeje." Akavuta pumzi. "Mama anasema muda wote huu alinicheka kwa kosa lisilo langu, na anataka kumsikia aliyemfanya acheke. Njoo Jumapili. Njoo na shati safi, na usinuke karafuu."

Jumapili saa nne Fundi alikuwa sebuleni kwao, ameketi ukingoni mwa kochi, magoti yamebanana. Mama yake Msusi alikuwa mwembamba, mfupi, na macho yake yalimpima mgeni kutoka kiatu hadi utosi.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule mzee," akasema.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

Kwa siku nne Fundi alikuwa amepanga hotuba. Haikutoka hata nusu. "Nimekuja kuomba msamaha wako, mama, kwa kumvunjia binti yako heshima, na kwa kumwacha ajione hana akili ilhali mimi ndiye niliyekosa." Akameza mate. "Na nikisamehewa, nimekuja kusema kwamba nataka kumwoa."

Kijiko kilianguka kule jikoni. Mama akageuza kichwa kuelekea huko.

"Umesikia, mwanangu?"

Msusi akatokea mlangoni, amejifunga khanga kiunoni juu ya lile gauni la manjano. Hakumtazama Fundi; alimtazama mama yake.

"Mwambie hilo la kwanza nimeshalipokea, ila nitachukua muda kulizoea. Hilo la pili asiniulize tena. Nitamjibu mwenyewe nikiwa tayari, na nisipokuwa tayari, asininunie."

"Umesikia?" mama akamwambia Fundi.

"Nimesikia, mama."

"Basi kunywa chai."

Hakuuliza tena. Walirudia simu za saa saba, kwanza za dakika mbili, kisha za kumi. Zilikuwapo siku ambazo Msusi alinyamaza ghafla katikati ya kicheko, na Fundi alijua analifikiria lile jibu la kundini, akangoja. Hakumwambia asahau. Mara moja Msusi alilia kwenye simu kwa nusu saa nzima, yeye akabaki ameishika sikioni huku wateja wamepanga foleni.

Mwezi wa tano, Jumatano moja asubuhi, Fundi alikuwa amemfungulia muuza nyama mizani yake kubwa, vipande vyote mezani, Msusi akapita akielekea kazini. Alikuwa na haraka, mkoba begani, chanuo limechomekwa kwenye nywele. Alisimama kwenye kona ya kaunta.

"Lile la pili," akasema. "Ndiyo."

Akaondoka zake kuelekea kwenye ngazi, Bosi asije akamkuta amechelewa.

Fundi alibaki ameshika bisibisi. Muuza nyama akauliza kama mizani itakuwa tayari kabla ya saa nne, maana ana wateja. Fundi akamwomba radhi, akamwambia hawezi kumpimia chochote kwa sasa, mikono inatetemeka. Akae kidogo kwenye kiti cha wateja, apumzike, atamwagizia chai.